Kaunti ya vijijini ikipata fedha za mabasi: iongeze njia mpya, au iongeze saa kwenye njia zilizopo?

Mwanzisha Mada

Wakuu, salaam. Nina hoja imenikaa kooni muda mrefu, leo naiweka mezani tuijadili bila kuoneana haya.

Kila huduma ya mabasi ya umma ya kaunti ya vijijini inapopata nyongeza ya bajeti, tangazo huwa lile lile: njia mpya imezinduliwa, basi jipya limefika, ramani imepanuka. Viongozi wanapanga mstari mbele ya basi, picha zinapigwa. Rudi baada ya miezi sita. Utakuta basi linapita mara mbili kwa siku, asubuhi na saa nane mchana, Jumatatu hadi Ijumaa, na ndani wamekaa watu watatu. Hapo ndipo inapoanza kauli kwamba watu wa vijijini hawapendi basi.

Msimamo wangu: kabla ya kuchora mstari mpya kwenye ramani, njia iliyopo ipate basi la jioni, ipate Jumamosi, ipate safari za katikati ya mchana. Mtu anayetoka kazini saa moja jioni hana haja ya kusikia kwamba kaunti sasa ina njia tisa. Anataka kujua kama ile moja ya kwake itamfikisha nyumbani usiku huo.

Tupige hesabu. Chukua njia ya kilomita 40 kati ya miji miwili midogo. Kwa vituo vyote basi linatumia saa moja kwenda, dereva anapumzika dakika 10, saa moja kurudi, dakika 10 tena. Mzunguko mmoja ni dakika 140. Ukiwa na basi moja, abiria aliyelikosa anangoja saa 2 na dakika 20. Sasa kaunti imepata basi la pili. Ukiliweka kwenye njia hiyo hiyo, pengo linashuka hadi dakika 70. Ukilipeleka kwenye njia mpya, unapata njia mbili ambazo kwenye zote ukikosa basi siku imeharibika. Ramani imekua maradufu, lakini maisha ya abiria yako pale pale.

Mchumi Herbert Mohring aliliandika hili mwaka 1972. Alionyesha kwamba abiria wakiongezeka na mabasi yakaongezwa kwa ajili yao, muda wa kungoja wa kila mmoja unapungua. Kwa hiyo abiria mpya anamfaidisha aliyekuwepo kabla yake. Kwenye barabara iliyojaa magari binafsi mambo ni kinyume, kila anayeongezeka anamchelewesha mwenzake. Basi la kijijini linastahili kupewa nafasi ya kuvuna faida hiyo, na hatulipi nafasi tunapolitawanya kila kona.

Karibuni. Wanaopinga nao wapinge kwa hoja.


Dereva Mstaafu

Mkuu, nimeendesha basi la aina hiyo kwa miaka mingi, na kwa sehemu kubwa nakuunga mkono. Ila kuna kitu umekiruka, nacho kwangu kinatangulia hata hizo saa za jioni. Ni uaminifu wa ratiba.

Nilikuwa na abiria mmoja, msichana aliyekuwa akihudumia wazee katika nyumba ya matunzo. Kila asubuhi akipanda alikuwa ananiuliza, "Basi la mwisho leo ni saa ngapi?" Saa alikuwa anaijua. Alikuwa ananiuliza kwa sababu majira ya baridi yaliyotangulia basi la mwisho lilifutwa mara mbili kwa kukosa dereva na hakuna aliyewaambia abiria. Mara ya pili alitembea. Tangu siku ile hakuiamini tena karatasi iliyobandikwa kituoni, alitaka kusikia kwa mdomo wa dereva. Baada ya mwaka alinunua gari bovu kwa mkopo, nikawa simwoni tena. Ukiongeza basi la jioni halafu ukalifuta mara mbili tu, abiria wa namna hiyo hurudi kwa shida sana.

La pili ni la kiufundi, na wapangaji wengi hawalifikirii. Mabasi karibu yote hulala gereji ya mjini. Basi la kwanza la alfajiri linatoka gereji tupu, linakimbia kilomita 35 bila mtu hadi mwisho wa njia, ndipo linaanza kazi. Usiku ni vivyo hivyo, linarudi tupu. Dizeli inateketea, mshahara wa dereva unalipwa, hakuna aliyebebwa. Basi moja likilala upande wa pili wa njia, kwenye uwanja wenye uzio na taa, na dereva akawa mkazi wa huko huko, unapata safari ya asubuhi na ya usiku kwa fedha ambazo tayari ulikuwa unazitupa. Tulilifanya kwa muda, lilifanya kazi vizuri. Alipobadilishwa msimamizi, likasimamishwa.


Mlipakodi

Nawasikia, lakini hamjajibu swali la msingi. Kwa nini nilipie basi la viti 30 libebe watu watatu? Ongeza saa utakavyo, eneo lenye nyumba moja kila baada ya kilomita mbili halitajaza basi. Siku hizi mtu anaagiza gari dogo kwa simu, linamfuata mlangoni. Wilson, mji wa North Carolina huko Marekani, mwaka 2020 uliondoa kabisa mabasi ya njia maalumu na kuweka magari madogo ya kuagiza kwa simu. Watumiaji waliongezeka. Ikiwa mji mdogo umeweza, kwa nini kaunti iendelee kung'ang'ania mabasi makubwa?


Mwanzisha Mada

Ndugu Mlipakodi, swali lako ni la haki na silikwepi. Nakubali pia kwamba ukubwa wa basi unaweza kupunguzwa. Sina ndoa na viti 30. Lakini sehemu kubwa ya gharama iko kwenye kiti cha dereva, na gari dogo nalo lina dereva mmoja.

Sasa tazama kazi ya dereva huyo. Anamfuata mtu mlangoni, dakika kumi za barabara ya vumbi. Anampeleka anakokwenda, anamfuata mwingine upande wa pili wa kaunti. Kila abiria akimla robo saa, huduma imefika mwisho wake kwa watu wanne kwa saa, hata programu ya simu iwe nzuri namna gani. Abiria wa tano anahitaji dereva wa pili. Kwenye basi la ratiba, abiria wa tano anakaa kwenye kiti kilichokuwa kitupu na gharama haibadiliki.

Wewe umeleta Wilson, mimi nakuletea Innisfil, mji wa Ontario nchini Kanada. Mwaka 2017 waliamua kutoanzisha mabasi, badala yake wakaingia mkataba na Uber, mji ukawa unalipia sehemu ya nauli. Watu waliipenda. Na kupendwa huko ndiko kulikoleta matatizo, kwa sababu kila safari mpya ilikuwa na bili yake kwa mji. Mwaka 2019 wakapandisha nauli na kuweka kikomo cha safari 30 kwa mtu kwa mwezi. Fikiria, mkuu: mtu anayekwenda kazini na kurudi siku tano kwa wiki anazimaliza zile 30 kabla mwezi haujaisha. Huduma ya umma inayolazimika kuwazuia watu wasiitumie kwa kuwa wameipenda, mimi siwezi kuiita ukuaji.

Usiache mbachao kwa msala upitao. Gari la kuitwa lina mahali pake, nitarudi hapo, lakini lisije likaachiwa kazi ya barabara kuu.


Kijana

Vipi kuhusu kufuta nauli? Wengine tunaona hilo ndilo lingejaza mabasi.


Mwanzisha Mada

Kijana, kwa kifupi: Estonia ilifanya mabasi ya kaunti kuwa bure katika kaunti zake nyingi kuanzia Julai 2018. Abiria waliongezeka, ila ofisi yao ya ukaguzi wa hesabu ilikuja kuona kwamba watu hawakuyaacha magari yao kama ilivyotarajiwa, na mwaka 2024 nauli ikarudishwa kwa watu wazima wasio wazee. Uingereza nayo, tangu Aprili 2008, wazee na walemavu wa England wana kadi ya kupanda basi bure nchi nzima nje ya saa za msongamano wa asubuhi. Kadi nzuri sana. Kwenye kijiji ambacho basi limeondolewa, mzee anayo mfukoni na hana pa kuitumia. Nauli inazungumzika, lakini kwanza basi liwepo.


Binti wa Mwisho wa Barabara

Nimesoma kimya tangu mwanzo na nimeumia kidogo, kaka Mwanzisha Mada, kwa sababu hesabu yako ya dakika 140 inatuacha nje sisi tulio mbali na barabara kuu. Sisi tuko kilomita 12 kutoka kituo cha karibu. Ukisema njia mpya zisubiri, unamaanisha sisi ndio tusubiri.

Baba yangu figo zimeshindwa. Anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, kila mara kama saa nne kwenye mashine. Hii si safari ya hiari kwamba leo nimechoka nitakwenda kesho. Asubuhi anaondoka vizuri, anatembea mwenyewe. Akitoka kule amelegea, presha imeshuka, mikono baridi, na mahali sindano zilipoingia panaweza kuanza kuvuja damu tena akiinua kitu. Siwezi kumwambia aende kituoni akangoje, hata kama basi linapita kila dakika 10. Na saa ya kumaliza haitabiriki, mashine ikichelewa kuanza kila kitu kinasogea mbele.

Kwa hiyo mnapomponda mwenzenu Mlipakodi kuhusu gari la kuitwa, mkumbuke kuna nyumba ambazo gari hilo ndilo linalomweka mtu hai. Uswisi, sheria yao inasema kijiji chenye wakazi 100 wa kudumu kinastahili usafiri wa umma unaochangiwa na serikali. Hawaangalii kwanza kama basi litajaa. Mabasi yao ya posta yako barabarani tangu mwaka 1906, na siku hizi yanapanda hadi milimani. Sisi huku tunaambiwa tusubiri hadi barabara kuu ishibe.


Mwanzisha Mada

Dada, pole sana kwa baba, na asante kwa kusema. Nimesoma ulichoandika mara tatu. Umenikamata mahali palipo dhaifu, nami sitajitetea kwa hesabu.

Naomba nirekebishe hoja yangu. Nilisema saa kabla ya njia, nikazungumza kana kwamba fedha yote ni mfuko mmoja unaotafuta matumizi bora. Sivyo. Kuna kazi mbili hapa, kila moja na kipimo chake. Kazi ya kwanza ni kubeba watu wengi, na hiyo hupimwa kwa idadi ya abiria. Ya pili ni kumfikia mtu ambaye hakuna mwingine wa kumfikia, na hiyo ukiipima kwa idadi ya abiria utaifuta mwaka wa kwanza tu. Gari linalombeba baba yako litaonekana daima ni hasara kwenye jedwali la abiria kwa saa. Kwa hiyo lisiwekwe kwenye jedwali hilo. Baraza la kaunti lipige kura hadharani: sehemu hii ya bajeti ni ya kufikia, haiguswi hata basi la barabara kuu likijaa kiasi gani. Iliyobaki ndiyo ya kujaza mabasi.

Ninachokipinga, na hapa sirudi nyuma, ni njia ya mara mbili kwa siku inayopelekwa sehemu kama yenu ili kiongozi aseme amewafikia. Wewe mwenyewe umeeleza kwamba haimsaidii baba. Haimsaidii pia anayekwenda kazini. Imewekwa kwa ajili ya ramani.


Mhasibu

Niongeze la fedha, maana ndiko mambo mengi yanakoamuliwa kabla wapangaji hawajaketi.

Marekani ilianza kutoa fedha za serikali kuu kwa usafiri wa umma wa vijijini mwaka 1978. Leo ruzuku hiyo inajulikana kwa namba ya kifungu chake, 5311, na inahusu maeneo yenye watu chini ya 50,000. Kwa kawaida serikali kuu inalipia hadi asilimia 80 ya gharama ya kununua basi, lakini kwenye kuliendesha inalipia hadi asilimia 50 tu ya pengo linalobaki baada ya nauli. Mnaona kinachotokea? Basi jipya linaigharimu kaunti moja ya tano ya bei. Saa moja ya dereva inaigharimu nusu ya pengo, kila siku, mwaka hadi mwaka. Mkuu wa idara anayetafuta ukuaji wa haraka atanunua basi. Simlaumu, ila ndiyo sababu unakuta mabasi mazuri yameegeshwa gereji Jumamosi nzima. Akitaka saa za jioni, lazima aende kuwaomba madiwani fedha za ndani, na fedha hizo zinagombaniwa na barabara, zahanati na zimamoto.

England nako wana hadithi yao. Sheria ya mwaka 1985 iliachia huru soko la mabasi nje ya London kuanzia tarehe 26 Oktoba 1986. Kampuni binafsi zikachukua njia zenye faida, na halmashauri zikabaki kununua kwa zabuni zile ambazo soko halikuzitaka. Safari za jioni, za Jumapili na za vijijini ziliangukia humo, na bajeti za halmashauri zilipokatwa zikawa za kwanza kuondoka. Ndiyo maana Mwanzisha Mada anaposema saa za jioni, mimi nasikia kitu ambacho kila mfumo unakiona cha kwanza kukatwa.

Na kuna njia ya kati ambayo hamjaigusa: basi lenye ratiba ambalo linaruhusiwa kukengeuka. Linafuata njia yake na saa zake, lakini ukipiga simu mapema linaacha barabara kidogo, likuchukue, lirudi. Kaunti nyingi za vijijini Marekani zinalitumia. Sababu moja ni ya kisheria. Tangu sheria ya walemavu ya mwaka 1990, anayeendesha basi la njia maalumu lazima awe pia na huduma ya kumfuata mlemavu asiyeweza kulitumia, ndani ya robo tatu ya maili, yaani kama kilomita 1.2, kutoka kwenye njia. Basi linalokengeuka kwa yeyote aliyeomba linahesabika kuwa la kuitwa, kwa hiyo kaunti hailazimiki kuendesha mifumo miwili. Gharama yake ni kwamba ratiba lazima iachiwe nafasi. Ukiruhusu kukengeuka mara tatu kwa dakika tano, umeongeza robo saa kwa kila aliyemo ndani.


Dereva Mstaafu

Mhasibu kasema kweli kuhusu ile robo saa. Niliendesha basi la kukengeuka miaka miwili. Bila simu hata moja nilifika mapema nikakaa kituoni injini imezimwa, abiria wananitazama. Simu zikiwa nne, nilichelewa na waliotaka kuunganisha na basi lingine walilikosa. Linafaa pale ambapo mwisho wa njia hakuna basi lingine linalongojewa. Kwenye barabara kuu msiliweke.

Na kwa binti yetu: kufunga kiti cha magurudumu vizuri kunahitaji mikanda minne sakafuni na mmoja wa abiria mwenyewe. Dereva aliyebanwa na ratiba anafunga miwili anaondoka. Nimeliona hilo kwa macho yangu. Wanaobeba wagonjwa wapewe muda wao, wasichanganywe na safari za kukimbizana.


Mlipakodi

Nimesoma yote. Innisfil sikuwa nayo, nakubali. Bado sijashawishika kwamba basi la saa mbili usiku litapata watu. Naomba kitu kimoja: likiwekwa, lipewe muda gani kabla ya kuhukumiwa? Maana nikiuliza baada ya miezi mitatu mtaniambia ni mapema, na nikiuliza baada ya miaka mitano mtaniambia watu wamelizoea haliondoleki.


Mwanzisha Mada

Miaka miwili, na itangazwe siku ya kwanza. Watu hawabadilishi kazi au kuuza gari kwa ratiba ya majaribio ya miezi mitatu, na ukiwaambia ni ya majaribio umeshawaambia wasiitegemee. Tena usihesabu walio ndani ya basi la usiku peke yao. Hesabu pia waliopanda la asubuhi kwa sababu wanajua la usiku lipo. Wengi wao watarudi na la saa kumi na moja. La saa mbili ni kinga yao, siku bosi akiwachelewesha. Ukilifuta kwa kuwa lina watu wanne, utashangaa asubuhi umepoteza kumi.

Dada wa Mwisho wa Barabara, niulize moja kwa moja. Ukiwekewa mezani fedha ya basi moja na madereva wawili, ungeiweka wapi?


Binti wa Mwisho wa Barabara

Utashangaa. Baba akishahakikishiwa gari lake, mimi ningeweka barabara kuu, kila saa moja, hadi saa mbili usiku. Dada yangu ndiye anayekuja kunipokea zamu ya kumtunza ili nami nikafanye kazi. Sasa hivi anatoka mjini na basi la saa nane na hana la kurudi, kwa hiyo kila akija lazima alale. Kwa hiyo anakuja mara moja kwa wiki. Lingekuwepo la usiku angekuja mara tatu.

Ila lile gari dogo lituchukue huku hadi njia panda, na lipangwe kwa dakika za basi kubwa. Mara mbili nimefika pale naliona basi linaishia kwenye kona. Linalofuata hapo ni kesho.


Dereva Mstaafu

Hilo halihitaji bajeti, mwanangu. Dereva wa gari dogo anamwita wa basi kubwa kwenye redio akiwa bado kilomita mbili, anasema nina watu wawili. Mwenzake anangoja dakika tatu pale njia panda, taa za ndani zikiwa zimewashwa ili mwone kwamba yupo. Uswisi ratiba yao ya taifa imepangwa hivyo tangu 1982, basi na treni vinangojana. Sisi tulikuwa tunafanya kwa redio na kuelewana. Kinachotakiwa ni mpangaji wa ratiba aziandike zile dakika tatu kwenye karatasi, ili dereva asije akaandikiwa barua kwa kuzitumia.